Kidude cha kuzuia mtoto asisahaulike kwenye gari: nakikubali, ila hakikisha simu hailali

Wazazi wenzangu, hiki kidude cha kubana kwenye mkanda wa kifuani wa kiti cha mtoto nimeshakitumia vya kutosha, naweza kukisemea. Kinaongea na simu kwa Bluetooth, ukishuka ukaenda mbali huku mtoto bado kafungwa mkanda simu inalia, usipojibu inawatumia meseji watu uliowaandikisha na kuwaonyesha gari liko wapi. Hiyo meseji ndo imenifanya nikipende, maana simu unaweza ukaiweka sailensi kwenye mkoba usisikie chochote, lakini bibi yake akiona ile meseji hatulii mpaka ampate mtu.

Na msiseme ni cha wazazi wazembe jamani. Marekani peke yake wanakufa watoto kama 37 kwa mwaka kwa wastani kwa joto la gari, na zaidi ya nusu wamesahauliwa na watu wanaowapenda kabisa, ratiba imebadilika kidogo, mtoto kalala kimya nyuma, akili inafuata njia iliyoizoea. Gari lililofungwa juani linapanda karibu nyuzi 10 za selsiasi ndani ya dakika 10, kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu, na mwili wa mtoto unapata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wetu. Italia tangu 2019 ni sheria, mtoto wa chini ya miaka 4 lazima awe na kifaa cha namna hii.

Kilichoniudhi sasa. Simu nyingi zinazima programu (app) ya kidude kimyakimya ili kutunza chaji, na ikizimwa kidude kinabaki pambo tu, mpaka uingie kwenye setingi uiruhusu ifanye kazi muda wote, na maelekezo yao hayasemi hata neno moja! Huu ni uhai wa mtoto, hilo lilitakiwa liwe ukurasa wa kwanza. Alafu hakimsaidii mtoto aliyejiingiza mwenyewe kwenye gari lililoegeshwa, kwa hiyo lock milango na funguo ziwe mbali naye.

Kama unanunua gari jipya uliza lenye rada inayohisi hata pumzi ya mtoto aliyelala, Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanaipa alama tangu 2023. Zile sistimu za gari zinazokumbuka tu kwamba mlango wa nyuma ulifunguliwa hazijui kama kuna mtoto au mfuko.

Kidude nakipa nyota 4, ya tano mpaka warekebishe maelekezo.