Shokapu za mafuta au za gesi kwa pikipiki ya magurudumu matatu?

Kwanza tuelewane: mzigo unabebwa na springi, kazi ya shokapu ni kutuliza mdundo. Kama nyuma inakaa chini ukishapakia, shida ni springi, na shokapu ya gesi haitakuokoa.

Za mafuta ni laini, na abiria hatikiswi sana. Udhaifu wake unaonekana kwenye barabara ya matuta mfululizo: mafuta yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na shokapu inalegea hadi ipoe. Baadhi hufunguka, ukabadilisha sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) na mafuta.

Za gesi zina naitrojeni inayokandamiza mafuta, hivyo povu halipatikani kirahisi. Kwa anayebeba mizigo kutwa kwenye njia mbovu, hizi ndizo. Ila chombo kikiwa kitupu zinarusha, na nyingi zikivuja ni za kutupa. Usijaribu kuzichomelea wala kuzitoboa, zina presha.

Uchague zozote, pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu la boliti la juu hadi la chini. Ikizidi urefu, ekseli za nyuma zinakaa pembe mbaya na mpira wa breki unavutika. Badilisha kulia na kushoto pamoja. Kosa la mafundi wengi: wanakaza boliti gurudumu likining'inia. Bushi za mpira, zile zilizo ndani ya matundu ya boliti, zinajisokota chombo kikishushwa, kisha zinapasuka mapema. Shusha kwanza, ndipo ukaze kabisa.