Cutty Sark ya Greenwich: Meli ya Chai na Vitanda vya Mabaharia Wake

Wageni wengi huitembelea Cutty Sark, pale Greenwich mjini London, kwa sababu ya sifa ya mbio zake, na sifa hiyo ni ya haki. Meli hii iliyoshushwa majini huko Dumbarton, Uskoti, mwezi Novemba 1869, iliundwa iwahi soko kwa chai ya China, na baadaye, ilipohamia kwenye biashara ya sufu ya Australia, ilipata kufika London kutoka Sydney kwa siku 73. Mimi nilikwenda kuona mahali walipolala watu walioyakunja na kuyatweka matanga yake, na kwa kusudi hilo naipendekeza ziara hii bila kusita.

Mabaharia waliishi katika kibanda kilichojengwa juu ya sitaha. Vitanda vyao ni vya mbao, vimepangwa kimoja juu ya kingine kandokando ya kuta, kila kimoja na ubao wa kumzuia mtu asibingirike meli inapolala upande. Nilipounyosha mkono juu ya kimojawapo, upana wake uliishia karibu na ncha za vidole. Godoro halikuwa mali ya meli. Baharia alikuja nalo mwenyewe, limejazwa majani makavu, pamoja na sanduku la nguo ambalo ndilo lililokuwa kiti chake pia. Humo watu walilala kwa vipande, kwa kuwa zamu zilipishana kila baada ya saa nne usiku na mchana, na dhoruba ikizuka hata waliokuwa mapumzikoni waliitwa wapande milingotini, wasimame juu ya kamba iliyoning'inia chini ya foromali, yaani mti wa kushikia tanga, na kuliegemeza tumbo juu ya mti huo, ili mikono yote miwili ipate kulikunja tanga lililolowa.

Ukitoka humo, simama sitahani uangalie juu. Mlingoti mkuu una urefu wa mita 46, kamba za meli nzima zikiunganishwa zinazidi kilomita 17, na matanga ni 32. Kazi yote hiyo ilibebwa na watu 26 hivi kwa wastani, na kuna wakati walikuwa 19 tu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa siku chache kabla ya Cutty Sark kushushwa majini, meli za moshi zikapata njia ya mkato, na wenye meli za matanga wakabana matumizi kila walipoweza. Posho ya mabaharia ilikuwa mahali rahisi pa kubana.

Chakula nacho kilikuwa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe iliyokaa miezi katika mapipa ya chumvi, supu ya njegere kavu, na biskuti ngumu ambazo mlaji alizigongagonga kwanza mezani ili fukusi watoke. Maji ya ndimu yalitolewa kwa amri ya sheria ya Uingereza ya 1867, kwa ajili ya kuzuia kiseyeye. (Sisi wa pwani, tuliozoea kuona baharia wa jahazi akipikiwa wali na samaki aliyevuliwa njiani, tutaona mateso haya yanaishinda hata baridi.)

Sebule ya nahodha, iliyoko upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, ina kuta za mbao zilizong'arishwa, na kutoka vitanda vile hadi hapo ni mwendo wa dakika moja. Chini, meli imeinuliwa takriban mita tatu ili wageni wapite chini ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, na kuyatazama mabamba ya shaba na zinki yaliyoufunika ubavu wake. Moto wa Mei 2007 haukuimaliza, kwa sababu milingoti na mbao nyingi zilikuwa zimeondolewa kwa matengenezo.

Ukiwa na saa moja tu, itumie sitahani, na ikiwezekana chagua siku mbaya. Mimi nilikwenda Novemba, mvua ikinyesha kwa upepo kutoka mto Thames, na baada ya dakika kumi za kuitazama foromali ya juu nilikuwa nimekwisha rudi ndani ya kibanda cha mabaharia, naipulizia mikono.