Ziara ya Boma la Kale la Arusha: huduma nzuri iliyopungukiwa historia

Huduma ninayoitathmini hapa ni ziara ya miguu katikati ya jiji la Arusha, inayotolewa na kampuni moja ya waongoza watalii. Huanzia Mnara wa Saa, hufuata Barabara ya Boma, na kuishia katika Boma la Kale, ngome waliyoijenga Wajerumani kati ya mwaka 1899 na 1900, ambayo tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Kuhusu mpangilio sina lalamiko lolote. Mwongozaji alifika kwa wakati, aliwasubiri wazee waliokuwa katika kundi letu, na maelezo yake kuhusu nyayo za Laetoli, alama za miguu za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, yaliwafanya watoto wamzunguke kwa maswali.

Upungufu ulijitokeza alipofika kwenye habari za ngome yenyewe. Alitaja mwaka wa ujenzi, akausifu uimara wa kuta, kisha akatukaribisha tupige picha, kana kwamba boma lilisimamishwa mahali pasipo na watu. Ilhali mnamo Oktoba 1896 wamisionari wa shirika la Kijerumani la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru, na Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Kijerumani akaja kutoka Moshi na askari wake, pamoja na wapiganaji wa Kichaga, kulipiza kisasi kwa kuchoma makazi na kuteka ng'ombe. Boma lilifuata baada ya vita hivyo, kwa ajili ya kuwatawala walioshindwa, na waliobeba mawe na chokaa yake ni Waarusha na Wameru wenyewe, kwa kulazimishwa, chini ya Luteni Georg Küster, ambaye wenyeji walimpa jina la Bwana Fisi. Tarehe 2 Machi 1900, mwaka ambao ujenzi ulikamilika, Mangi (yaani mtawala wa Kichaga) Meli wa Old Moshi, Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha, jumla yao 19, walinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi. Ukoo wa Meli umeomba kwa miaka mingi urejeshewe fuvu lake, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani.

Haya si mambo ya pembeni. Katika kundi letu walikuwemo watoto kutoka Meru, na yawezekana kabisa kwamba mababu zao ni miongoni mwa waliojenga kuta zile. Ni haki yao kuelezwa hivyo wakiwa wamesimama papo hapo. Kutaja mwaka wa ujenzi na uimara wa kuta bila kuwataja waliofanya kazi ni kuwasilisha habari za upande mmoja, na kwa huduma inayolipiwa hilo halikubaliki.

Pamoja na hayo, naipendekeza ziara hii kwa familia na kwa shule, kwa sharti kwamba mwalimu au mzazi azungumze na mwongozaji mapema, amwombe atenge muda wa kutosha uani kabla ya kuingia vyumba vya maonyesho, na amweleze wazi kwamba wageni wake wanataka kusikia habari za wajenzi. Ni vyema kwenda asubuhi, kabla makundi ya wanafunzi hayajawa mengi, ili maelezo yasikike na maswali yapate nafasi.