Fimbo ya pool ya vipande viwili: maua mengi, ngozi mbovu

Pale Kikwajuni, Unguja, mtu akija na fimbo mpya, watu humpongeza kwa maua ya kitako, ule upande mnene wa kushikia. Hii niliyoinunua Mlandege kwa shilingi 85,000 inayo maua ya kutosha, tena yanang'ara, ila ni karatasi tu iliyobandikwa chini ya vanishi. Maua hayaingizi mpira shimoni. Mie niliifungua nikaanza na kipande cha juu.

Hicho ndicho kilichonitoa pesa. Ni mbao ya mti wa mepo (maple), nyuzi zake zimenyooka hadi nchani, na nilipoiviringisha juu ya kioo cha kaunta ilikwenda kimya. Kijana wa dukani ananambia, "Kaka, zote sawa hizo." Usawa gani? Ile ya mwanzo aliyonipa ukiiviringisha ncha inaruka. Kwa unyevu wetu huu, fimbo ikiegemezwa ukutani masika nzima inaweza kupinda, kwa hiyo viringisheni kabla ya kulipa, na vipande vyote viwili.

Maungio ni skrubu ya chuma. Ukishakaza huoni mwanya, na hata ukipiga kwa nguvu hakuna kinachogonga ndani. Mshikio umezungushiwa uzi wa kitani, na hapo nawapa heko: uzi unakunywa jasho, mkono hautelezi. Uzito wakia 19, kwangu mie sawasawa.

Tabu iko nchani. Ngozi ya milimita 13 wameibandika juu ya pete nyeupe ya plastiki kwa gundi ya ovyo. Haikuchukua muda ikatanuka pembeni kama uyoga, chaki haishiki, na ukiupiga mpira mweupe chini ili urudi nyuma, fimbo inateleza, mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Na ngozi ndiyo inayogusa mpira, si kitu chengine! Mfaransa François Mingaud alipoanza kuivalisha fimbo ngozi, mwanzoni mwa karne ya 19, ndipo mchezo wa kuuzungusha mpira ulipofunguka. Duka linabana matumizi hapohapo, halafu linamwaga maua kwenye kitako.

Ngozi ile niliing'oa kwa wembe, nikaisugua pete kwa msasa mpaka ikawa bapa, nikabandika ngozi ya tabaka ya shilingi 8,000 na kuifunga kwa utepe wa mpira hadi asubuhi. Sasa inapiga. Mkitaka kuinunua, mwambieni muuzaji aitoe bei ya ngozi mpya kwenye bei ya fimbo. Na mkoba wake msiuchukue, zipu yake imekufa tangu dukani.