Redio ya sola yenye masomo ya kisomo: uzoefu wangu baada ya miezi tisa

Ndani ya boksi kuna redio ya sola inayosoma memori kadi, kadi yenye masomo 72 ya dakika 25 hivi, vitabu 20 vya wanakisomo (watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika) na mwongozo wa mwezeshaji. Nimeitumia na vikundi vinne vya watu wazima walio mbali na umeme na mtandao. Naipendekeza kwa sharti moja: kila kikundi kipate mtu anayejua kusoma wa kukaa kando ya redio. Huyo ndiye mwezeshaji; si lazima awe mwalimu. Kazi yake ni kusimamisha sauti, kuandika ubaoni kinachotamkwa na kuzunguka akiangalia madaftari. Shule za redio za Sutatenza kule Kolombia, alizozianzisha padri José Joaquín Salcedo mwaka 1947, ziliendeshwa hivyohivyo, na sijaona njia ya kuikwepa nafasi hiyo.

Tuanze na kadi, maana ndiyo iliyonisumbua zaidi. Redio za aina hii hazifuati majina ya mafaili. Zinafuata mpangilio yalivyoingizwa. Ukinakili folda nzima kwa mkupuo, somo la 9 linaweza kutangulia la 2, na kikundi kikadhani ndivyo kilivyopangiwa. Futa kadi yote, iandae upya (format) kwenye kompyuta kwa mfumo wa FAT32, yaani namna ya kupanga mafaili kwenye kadi, kisha ingiza masomo moja baada ya jingine kuanzia 001. Ukibadilisha somo moja tu katikati, usiliamini; rudia kadi nzima. Kazi yenyewe si ndefu: sauti ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 12 kwa dakika 25, kwa hiyo masomo yote 72 hayafiki GB 1. Kadi ya GB 4 inatosha, na ya pili ikae akiba kwa mwezeshaji.

Chaji ni ya kawaida. Betri ni ya miliampia 1,000 na paneli ni ya wati 1, volti 5, yaani miliampia 200 jua likiwa kali kabisa. Hesabu siku nzima ya jua, au mbili kukiwa na mawingu. Kosa ninalolikuta kila mahali ni kuianika redio yenyewe juani saa sita mchana hadi betri ivimbe. Paneli ina waya wake: paneli ikae juani, redio ibaki kivulini.

Masomo yametungwa na mtu anayejua Kiswahili. Yanaanza na irabu, yanaingia ma me mi mo mu, na kufikia somo la 6 mtu anaandika "mama" na "ama" bila kukariri. Kasoro yake ni kimya. Baada ya "andika mu" redio inasubiri sekunde 5. Mkono usiozoea penseli unahitaji 20, wakati mwingine 30, na mwenye mkono huo akiachwa nyuma mara tatu anaweka penseli chini. Nimefungua mafaili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, na kuongeza sekunde 20 kila baada ya agizo la kuandika. Somo linafika dakika 40, na watu wanalimaliza.

Spika ndogo haitoi vizuri sauti nyembamba, kwa hiyo "fa" na "sa" zinasikika karibu sawa, na "ma" na "na" pia zinachanganywa. Katika imla ya somo la 18 nilipata "sua" mahali pa "fua" kwenye madaftari mengi kiasi kwamba kosa halikuwa la wanakisomo. Hapo mwezeshaji ayatamke maneno mwenyewe, uso ukionekana.

Kitabu kina maandishi madogo mno. Kabla ya kusema mtu mzima hashiki, mtazame anavyoshika kitabu: akikinyoosha mbali kwa urefu wa mkono, tatizo huenda ni macho, na miwani ya kusomea inaweza kubadilisha kila kitu. Mimi nimechapa upya kurasa 15 za mwanzo kwa herufi za pointi 24.

Upande wa hesabu unawadharau wanaojifunza. Masomo matano yanakwenda kwenye kuhesabu hadi 20, wakati watu hawa wanajumlisha na kurudisha chenji kichwani vizuri kabisa. Wanachokosa ni maandishi. Mtu akisikia "mia mbili na tano" anaandika 2005, kwa sababu anaandika 200, halafu 5, kama anavyotamka. Kata kadi ndefu ya 200 na fupi ya 5, weka fupi juu ya sifuri ya mwisho, naye aone 205 inavyozaliwa. Saa ya simu nayo imepitwa kwa sentensi moja tu. Ili kuisoma kwa Kiswahili, iweke kwenye mfumo wa saa 12, kisha: namba ikizidi 6, toa 6, ikiwa 6 au chini, ongeza 6. Simu ikionyesha 2:00, ni saa nane.

Seti haina njia ya kurudisha kazi kwa mwalimu. Sisi tunapokea picha za madaftari kila wiki mbili: kurasa tatu za kila mtu, zimepigwa kutoka juu mchana, kivuli cha simu kisiangukie karatasi. Naangalia kama herufi zimekaa kwenye mstari, kama b na d zinageuka, na kama maneno yameachana. Majibu nayatuma kwa sauti, dakika mbili kwa kikundi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haupigi kwenye redio hii mpaka ubadilishwe kuwa MP3, kwa hiyo narekodi MP3 moja kwa moja na kuituma kama faili. Mtu wa kikundi anayekwenda mahali penye mtandao anaipakia kwenye kadi ya akiba, si kwenye ile ya masomo.