Mchanga wa paka unaoganda: kwa paka ni mzuri, kwa nyumba yenye mbwa hapana

Nimeutumia mchanga huu miezi 8 na nimenunua mifuko 4 ya kilo 10. Kwa upande wa paka sina la kulalamika. Paka wetu Chausiku akikojoa, mchanga unashikana papo hapo bonge moja gumu. Unalichota kwa kijiko cha matundu, beseni linabaki kavu. Nyumba yetu ya Tegeta ni ndogo, vyumba viwili na sebule, na harufu sikuisikia hata msimu wa joto. Vumbi linaruka kidogo wakati wa kumimina. Bei, shilingi 38,000 kwa mfuko, inauma lakini nilikuwa nailipa.

Kilichonifanya niandike ni Simba, mbwa wetu wa miaka miwili, kilo 18. Jumamosi moja jioni nilimkuta bafuni kichwa kiko ndani ya beseni, pua yote imejaa kijivu. Alikuwa anakula kinyesi cha Chausiku pamoja na mchanga uliokishika. Baadaye nilielezwa kwamba si utundu wala njaa: chakula cha paka kina protini na mafuta mengi, na kwa mbwa kinyesi chake kinanukia kama chakula.

Mchanga huu ni udongo wa bentonaiti. Unafyonza maji na kuvimba mara kadhaa ya ukubwa wake, na ndiyo maana unaganda. Mbwa akiulamba kidogo, kwa kawaida hutoka wenyewe na kinyesi. Akila mwingi, unaweza kushikana tumboni na kuziba utumbo. Mfuko wangu niliusoma pande zote, hauna neno hata moja kuhusu mbwa. Hilo linanikera mpaka leo.

Mama jirani, kwa nia njema kabisa, alikuja na kikombe cha maji ya chumvi ili Simba atapike. Nilimwambia, "Mama, subiri kwanza nimpigie daktari," na namshukuru Mungu nilisubiri. Daktari wa mifugo alipokea simu saa tatu usiku. Alisema nisimtapishe kwa njia yoyote: chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Nimwekee maji safi anywe atakavyo, nikadirie ameula kiasi gani, niuhifadhi mfuko, kisha nimwangalie. Akitapika, akikataa chakula, tumbo likiwa gumu au linauma, akijikamua bila kutoa kitu, nisingoje.

Jumapili asubuhi Simba alitapika mara mbili na ugali wa dagaa, ambao hajawahi kuuacha, hakuugusa. Tukapakia bajaji. Kwenye picha ya eksirei ule mchanga ulionekana wazi, punje nyeupe zimejipanga ndani ya utumbo. Bahati ilikuwa haujaziba kabisa, kwa hiyo hakupasuliwa. Alitundikiwa dripu, akalala hapo, na Jumatatu jioni akatoa kinyesi kigumu cha kijivu. Sijawahi kufurahia kinyesi namna ile. Siku hiyohiyo daktari alimpa dawa ya minyoo, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na mayai ya minyoo inayompata mbwa pia. Gharama yote ilizidi bei ya mifuko yangu yote minne.

Sasa natumia maranda ya fundi seremala wa mtaani, yale wanayoweka wafuga kuku. Muulize fundi kwanza kama mbao zimepigwa dawa; zikiwa zimepigwa, usichukue. Maranda hayagandi, kwa hiyo nabadilisha yote kila siku, na siku nikichelewa harufu inanikumbusha. Hata hayo nisingependa Simba ayale, ndiyo maana beseni nimelihamishia stoo na mlango umefungwa kwa mnyororo mfupi: upenyo uliobaki Chausiku anapita, kichwa cha Simba hakipiti. Kinyesi nakichota asubuhi na jioni bila kukosa. Mlango huo ndio umesaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunua.

Kama una paka tu, nunua mchanga huu, ni kazi nzuri. Kama una mbwa na una chumba anachoweza kuingia paka peke yake, fikiria. Kama beseni lazima likae pale mbwa anapopita, mimi nasema usiuingize ndani. Nyota 3, na nyota ya 4 nitaiongeza siku nitakapoona onyo limeandikwa kwenye mfuko, kwa Kiswahili. Nusu mfuko uliobaki nimempa dada wa nyumba ya pili, mwenye paka wawili na asiye na mbwa.