Mafundi umeme wa Tabata wanaopima kwanza ndio wafungue: nawapa nne kwa tano

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Hawa mafundi ni ghali kidogo, wanachelewa, na wakimaliza wanakuachia ukuta una mitaro, lakini kama nyumba yako ina umri na tangu ijengwe hakuna aliyewahi kupima wayaringi (nyaya za umeme za ndani) basi walipe tu. Jina siwezi kuwawekea maana biashara yenyewe haina jina, ni fremu kama fremu zingine za Tabata, ukutani pamepakwa rangi VIFAA VYA UMEME NA UFUNDI imeishia hapo. Ndani kuna dada mmoja ndio fundi mwenyewe, na kijana wake wa kubeba ngazi na kutindua. Dada kasoma VETA na leseni ya EWURA anayo, nilimuomba akaitoa kwenye mkoba bila kununa, maana kuna mafundi ukiwaomba leseni wanakuona umewatukana wazazi wao.

Nyumba ni ya mama, imejengwa miaka ya tisini, wayaringi ni ule ule isipokuwa kila aliyepita kaongeza lake. Kuna chumba kimeongezwa, kuna banda la uani, kuna hita ya kuogea ya papo hapo imefungwa bafuni, juzi hapa kaingia na presha kuka ya umeme kwasababu kila mtu sasa hivi anahamasishwa nishati safi ya kupikia na mkaa bei yake mnaijua. Vitu vinaongezeka, waya wa ukutani ni ule ule. Matatizo yalikuwa matatu, bomba la bafuni linatetemesha ukiligusa na mkono wenye maji (mama anaoga na ndala na wageni wanaambiwa waoge na ndala), breka ya jikoni inajikata kila jioni, na soketi ya friji inanuka nuka plastiki.

Kabla ya huyu dada alishakuja fundi mwingine, simtaji. Yeye breka iliyokuwa inajikata aliitoa, ilikuwa ya ampia 20, akaweka ya 40, akala hela yake akasepa. Na kweli breka ikaacha kujikata! Mama akamsifu mtaa mzima. Kuhusu bomba akasema hiyo ni unyevu tu, huwa inatokea.

Sasa huyu dada alivyofika, baada ya shikamoo mama na marahaba mwanangu karibu, hakugusa bisibisi. Alikaa chini akauliza nyumba ina vitu gani vya umeme, akaandika kwenye kidaftari wati za kila kimoja, kavigeuza vitu chini juu kusoma vile vibandiko vya nyuma. Hita ya bafuni wati 5,500. Birika 2,200. Presha kuka 1,000. Akanionyesha hesabu yenyewe, unachukua wati unagawa kwa volti 230 unapata ampia, kwa hiyo hita peke yake ni kama ampia 24, birika inakaribia 10, na hivyo vyote pamoja na friji viko kwenye waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 ambao ni waya wa soketi za kawaida. Breka ya 20 ilikuwa inajikata kwasababu ilikuwa inafanya kazi yake. Fundi aliyeweka ya 40 alichofanya ni kumnyamazisha mlinzi, sasa breka inasubiri ampia 40 wakati waya wenyewe hauwezi kubeba hizo, kwa hiyo kitakachoanza kuungua ni waya ndani ya ukuta na breka inaangalia tu.

Halafu akafungua soketi ya friji. Jamani. Mbele inaonekana nyeupe safi, nyuma plastiki imekuwa kahawia, kwenye tundu la nyutro (waya wa kurudisha umeme) skrubu imelegea kabisa, na ule mpira wa waya pale karibu na skrubu ukiugusa unamegeka kama biskuti. Akasema soketi nyingi zinaungua kwa skrubu iliyolegea kuliko kwa shoti, waya usipobanwa vizuri umeme unapita kwa shida pale kwenye mguso, panapata moto, moto unalegeza zaidi, basi inakuwa mzunguko huo huo mpaka siku moja. Na breka haioni kitu hapo maana ampia hazijazidi. Kwa hiyo harufu ya plastiki au soketi yenye joto ukiigusa usisubiri breka ikuambie, zima hapo hapo.

Lililonifurahisha zaidi ni suala la arthi, yaani waya wa kushusha umeme uliovuja ardhini, na hapa nitakaa kidogo maana naona watu wengi hawalijui. Alipima bomba la bafuni akapata volti sitini na ushee kati yake na ardhi. Akafuata waya wa kijani na njano kutoka kwenye DB (lile boksi la breka) mpaka nje, tukaishia nyuma ya karo la kufulia, pale palikuwa na kipande cha nondo, nondo ya kujengea kabisa, urefu kama kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole, imeshaliwa na kutu, waya umezungushiwa juu kwa mkono bila hata klampu. Hiyo ndio arthi ya nyumba nzima kwa miaka yote hiyo. Na siku nyumba inaombewa umeme fomu iligongwa muhuri wa mkandarasi, sidhani kama mwenye muhuri aliwahi kufika nyuma ya karo.

Alichonieleza ni kwamba waya za arthi za soketi zote, hita, friji, pasi, zinakutana sehemu moja. Zikifika ardhini vizuri, kifaa kikivuja umeme unashuka chini. Zisipofika, basi kifaa kimoja kikivuja kinawagawia wenzake wote, unakuta taa ya uani ndio mbovu ila anayetetemeshwa ni anayeoga. Na ndivyo ilivyokuwa! Alizima meini swichi, akachomoa kila kitu mpaka chaja ya simu, akaunganisha ile mashine yake inayosukuma volti 500 kupima kama mpira wa waya bado mzima. Sebuleni na vyumbani safi. Laini ya uani ikasoma megaohm 0.3, wakati kima cha chini kinachokubalika ni 1. Bomba la waya linaloenda bandani limejaa maji ya mvua, na waya ndani umeungwa katikati kwa selotepu. Selotepu wala sio tepu ya umeme.

Wakapigilia fimbo ya arthi ya shaba ya futi nne, ikafukiwa sehemu yenye unyevu karibu na mgomba, na klampu yake. Nikadhani tumemaliza. Dada akapima ugumu wa umeme kupita kwenda ardhini akapata ohm 18, akaniambia dada yangu hii ni nzuri ila peke yake haitoshi, gawa mwenyewe 230 kwa 18. Inakuja kama ampia 13. Maana yake laivu (waya wenye moto) ikigusa bodi ya hita, zitapita ampia 13 kwenda ardhini na breka ya 32 haitashtuka kabisa, itaona ni matumizi ya kawaida. Breka inalinda waya, hailindi mtu. Cha kulinda mtu ni kile kifaa kinaitwa RCCB, chenye kitufe cha kutesti, kinalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, ukipungua kwa miliampia 30 tu kinakata nyumba nzima kufumba na kufumbua. Nimeuliza majirani zangu, wengi hawana, DB ina breka tupu. Mimi nyumba niliyopanga haina na nimeshamtumia mwenye nyumba meseji, amesoma hajajibu.

Kwa hiyo kazi ikawa hivi: DB mpya ya nafasi nane na RCCB ya miliampia 30, hita ikapewa waya wake wenyewe wa milimita za mraba 6 na breka yake ya 32, jikoni ikarudishiwa breka ya 20, soketi ya friji na nyingine mbili zikabadilishwa, laini ya uani ikavutwa upya. Mita ya LUKU hakuigusa, mama alitaka waisogeze kidogo maana inamharibia baraza, dada akakataa katakata, akasema mita na waya wa kutoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO na sili yake (ile lakiri ya kufungia mita) haikatwi na fundi wa mtaani hata awe na leseni, wapigieni wenyewe 180. Nilimheshimu hapo, maana wapo wanaokata sili kwa elfu ishirini halafu faini anakula mwenye nyumba.

Bei. Ukaguzi peke yake ni elfu 50, ukiwapa kazi wanaikata kwenye ufundi. Jumla vifaa na ufundi tulimaliza kama laki sita na nusu hivi. Watu wa nyumbani walipiga kelele, kaka yangu akasema kuna mtu angefanya kwa laki mbili, ndio, yule yule wa breka ya 40. Ila kuna la kulalamika kweli, vifaa vya dukani kwake viko juu kuliko Kariakoo, RCCB ile ile niliikuta Kariakoo imepungua elfu kumi na tano. Hakatazi ujinunulie, waya wa 6 alituambia wenyewe twende Kariakoo ila akatufundisha cha kuangalia, ukinunua waya mwambie muuzaji akate ncha hapo hapo ukwangue kwa kisu, ikiwa juu rangi ya shaba na ndani nyeupe hiyo ni alumini imepakwa shaba, acha. Angalia pia kama umeandikwa ukubwa wake na jina la kiwanda kwenye mpira, na alama ya TBS. Duka la kwanza tulilopewa waya wa bei nzuri sana tulikwangua, nyeupe. Muuzaji akatuambia huo ni mzuri pia, wateja wote wanachukua. Tukaondoka.

Kuchelewa sasa. Wakisema saa tatu asubuhi andaa chakula cha mchana. Simu wanapokea, hilo nawasifu, lakini "niko njiani dada" ya huyu binti njia yake ni ndefu. Siku waliyokata umeme kubadilisha DB walikaa mpaka magharibi na friji imejaa samaki. Na ule ukuta! Wametindua kutoka kwenye DB mpaka bafuni, wakaziba na mota ya haraka haraka, skimu hakuna, rangi hakuna, wanasema wao ni mafundi umeme. Sawa, lakini semeni mapema kabla grainda haijawaka ili mtu ajue kuna fundi rangi wa kumlipa.

Baada ya kazi mvua ya kwanza ikashuka na RCCB ikaanza kukata, kila ukirudisha inakata. Hapo ndipo wengi wangeambiwa kifaa kibovu tukitoe. Nikampigia, kesho yake akaja (saa nane badala ya saa nne), akazima breka moja moja mpaka ikatulia, tatizo likawa holda ya taa ya getini imeingia maji, ile ambayo siku ya kupima ilikuwa kavu. Kaibadilisha kwa holda yenye kifuniko cha mpira, hela ya ufundi hakuchukua. Kwangu hiyo ina thamani kuliko kufika kwa wakati.

Kitu kingine, hakutudanganya kuhusu yuniti. Mama alikuwa na uhakika umeme unaisha haraka kwasababu ya kuvuja, na fundi yeyote angekubali tu ili kazi ionekane kubwa. Huyu alisema hapana, kuvuja kule ni kidogo, kinachokula yuniti ni hita, dakika kumi za kuoga ni karibu yuniti moja nzima, na nyumba ina waogaji watano. Mama yuko kwenye ile tarifu ya D1 ya matumizi madogo, ukivuka yuniti 75 kwa mwezi za ziada bei yake inapanda sana, kwa hiyo mwenye kutaka kuokoa aanzie bafuni. Wadogo zangu hawajampenda huyu fundi tangu siku hiyo.

Bomba halitetemeshi tena. Mama bado anaoga na ndala lakini. Kile kitufe cha kutesti tuliambiwa tukibonyeze kila mwezi hivi kuhakikisha kinakata, na mama akakipenda sana, anakibonyeza hasa mechi ikiwa dakika za mwisho na vyombo havijaoshwa.

Ukienda kwao usiombe "njoo unirekebishie soketi", omba ukaguzi wa nyumba nzima, na mwambie akuandikie vipimo kwenye karatasi kabla na baada, anaandika ukimwambia tu. Kama unachotaka ni kufungiwa taa moja au feni, nenda kwa fundi wa jirani yako, hawa watakupiga bei ya safari bure. Jumapili hawafungui.